Je, Wajua? Walikuwa na moto, hawakujua kuuwasha

Katika riwaya ya Kifaransa La Guerre du feu, iliyotoka kama kitabu mwaka 1911, watu wa kale wana moto lakini hawajui kuuwasha. Wanaulisha kuni usiku na mchana. Wakihama, wanaubeba katika vitundu. Siku maadui wanapouzima, kabila zima linabaki kwenye baridi na giza.

Kijana Naoh anaondoka na wenzake wawili kwenda kuutafuta. Njiani anajenga urafiki na mamothi, wale tembo wa kale wenye manyoya marefu. Hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote! Baadaye kabila jingine linamwonyesha siri kubwa: moto umo ndani ya mawe.

Mwandishi wa riwaya hiyo, J.-H. Rosny aîné, alizaliwa Brussels mwaka 1856.

Filamu iliyotokana na riwaya hiyo ilitoka 1981. Waigizaji wanasema lugha iliyobuniwa na mwandishi Anthony Burgess. Mamothi ni tembo halisi waliovalishwa manyoya. Filamu hiyo ilishinda Oscar ya upambaji wa waigizaji, na sehemu yake ilipigwa Kenya.