Themostati Kwanza, Hita Baadaye

Katika miji ya Kanada kama Edmonton na Winnipeg, waya wa umeme unaochungulia kwenye bampa la gari haumshangazi mtu. Ni waya wa hita ya injini, kifaa kinachopata moto kama birika la umeme, kilichopachikwa kwenye bloku ili kuyapasha maji ya rejeta gari likiwa limezimwa. Andrew Freeman wa Grand Forks, North Dakota, alipata hataza ya hita ya namna hiyo mwaka 1949. Leo kifaa hicho kinaagizwa mtandaoni na yeyote mwenye hela, hata mwenye Land Cruiser kuukuu ya dizeli aliyeko Namasakata, mkoani Ruvuma, ambaye Julai hupiga selfu mpaka betri inachoka. Ushauri wangu ni kwamba asiagize. Injini baridi huumia Ruvuma kama inavyoumia Kanada, ila baridi inayoziumiza dizeli zetu kwa kiasi kikubwa tunaitengeneza wenyewe gereji.

Dizeli haina cheche. Pistoni huubana upepo hadi takriban sehemu moja ya ishirini ya ujazo wake, upepo unapata moto mkali, kisha nozeli inapuliza mafuta nayo yanawaka yenyewe. Chuma kikiwa baridi sana hunyonya moto huo kabla mafuta hayajawaka, na oili nzito huizuia injini isizunguke kwa kasi. Pale ambapo usiku unafika nyuzi 30 chini ya sifuri, kupasha maji kabla ya kuwasha ni lazima. Songea, iliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hushuka hadi karibu nyuzi 10 asubuhi za Juni na Julai. Ukielekea Tunduru, iliko Namasakata, ardhi inashuka na joto linaongezeka. Kwa nyuzi 10, injini ya dizeli iliyo nzima huwaka bila msaada wa hita ya maji. Isipowaka, inaeleza ugonjwa wake: hita plagi zimekufa, betri imechoka, upepo unaingia kwenye mpira wa mafuta, au ringi zimelika na kompresheni imepungua. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser ina chumba kidogo cha kuanzia mwako, na chumba hicho kinategemea hita plagi injini inapoamka. Kuzipima plagi hizo kwa taa ya majaribio ni kazi ya muda mfupi. Hita ya maji ingeuficha ugonjwa huo, ukagundulika siku gari limekwama porini pasipo na soketi.

Lakini kuwaka ni dakika chache tu za siku. Baada ya hapo injini inatembea saa nyingi, na hapo ndipo tunapoiharibu. Gari likichemsha mara moja, mafundi wengi huitoa themostati na kuitupa, kwa maelezo kwamba ni kifaa cha nchi za baridi. Themostati ni mlango unaobaki umefungwa mpaka maji yafike karibu nyuzi 80, ndipo unayaruhusu kwenda kwenye rejeta. Ukiutoa, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, na gari la safari fupi linaweza kumaliza siku nzima bila kufikia joto lake. Mafuta yasiyoungua vizuri huosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka hadi kwenye sampu. Mvuke unageuka maji, unachanganyika na mabaki ya salfa na kuzaa asidi. Silinda zinalika, moshi unaongezeka, na mwishowe gari linakuwa gumu kuwaka asubuhi. Mwenye gari analaumu baridi ya Julai.

Fundi mzoefu atapinga: ameondoa themostati nyingi na magari hayakuchemsha tena. Baadhi kweli hayakuchemsha, kwa sababu themostati ya zamani ilikuwa imekwama. Iliyokwama dawa yake ni mpya. Unaijaribu kwa kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto na kuangalia kama inafunguka. Tena, katika injini nyingi za Toyota themostati hufanya kazi ya pili: ikifunguka huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye bloku bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na kwenye mlima mrefu na mzigo injini inaweza kuchemsha zaidi kuliko awali. Wengine watasema tatizo ni umaskini, kwamba kulanti ni ghali na maji ya bomba ni bure. Maji hayo yana chumvi. Yanajenga magamba, yanatia kutu, na rejeta iliyoziba ndiyo iliyolichemsha gari hapo mwanzo.

Hita ya maji ina mahali pake hata Tanzania. Jenereta za dharura za hospitali hufungwa hita hizo ili injini ibebe mzigo mara tu umeme ukikatika, na mwenye gari Makete, karibu na Kitulo ambako umande huganda, anaweza kuwa na sababu. Huyo na amwage maji yote injini ikiwa imepoa, atoe kizibo cha bloku au akate mpira wa chini kulingana na aina ya hita, ajaze kulanti na kutoa upepo wote kabla ya kuchomeka waya, maana hita ikiwaka bila maji huungua. Waya uwe na athi, upite mbali na feni na ekzosi. Kwa hita ya kilowati moja saa mbili zinatosha kwa baridi ya huko, na hizo ni uniti mbili za umeme kila asubuhi.