Unataka kujitengenezea bodi za saketi? Jenga sanduku kwanza, leza baadaye

Kama wewe ni yule msee ambaye meza yake imejaa waya, Arduino na chaja zilizofunguliwa, hii kero unaijua. Umemaliza kuchora saketi kwa kompyuta, umeagiza bodi kutoka Uchina, umengoja siku nyingi, halafu inafika na unakuta kuna njia moja ya shaba iliyokosewa. Unaanza upya. Doo imeenda, muda pia umeenda.

Ndiyo maana watu wanajiundia mashine ya leza nyumbani. Na niamini, hauhitaji digrii. Mimi mwenyewe niliacha chuo na bado najifunza haya mambo. Unachohitaji ni subira, na macho mawili yanayoona.

Kazi yenyewe iko hivi. Unachukua kipande cha bodi chenye shaba, unabandika juu yake filamu inayohisi mwanga. Mota mbili, ambazo unaweza kutoa kwenye printa mbovu, zinasogeza leza kushoto na kulia, mbele na nyuma. Arduino iliyowekwa GRBL, programu ya bure, ndiyo inayoziongoza. Leza ya rangi ya zambarau, nanomita 405, inachora saketi yako. Palipopigwa na mwanga, filamu inakuwa ngumu. Kwingine unaosha kwa maji yenye soda ash, gramu 10 kwa lita moja. Ndiyo, ni soda ash kama ile inayotengenezwa kule Ziwa Magadi, Kajiado. Mwisho unatumbukiza bodi kwenye feri kloridi, inakula shaba iliyobaki wazi, na njia zako zinabaki.

Poa, sivyo? Sasa tuongee kuhusu macho.

Leza za aina hii huwa na nguvu ya makumi au mamia ya miliwati. Kutoka miliwati 5 hadi 500 uko kwenye daraja la 3B, na ukipita hapo ni daraja la 4. Jicho lako hujifunga lenyewe likiona mwanga mkali, lakini linachukua kama robo sekunde. Hiyo inatosha kukukinga na leza ya miliwati moja. Kwa hii haitoshi. Lenzi ya jicho hukusanya miale yote kwenye nukta moja ya retina. Retina haina hisia ya maumivu, na ikiungua haioti tena. Unaweza kuumia na usijue mpaka uone doa ambalo haliondoki.

Tena zambarau ni janja. Macho yetu hayaioni vizuri, kwa hivyo inaonekana hafifu hata ikiwa kali sana. Na shaba inang'aa kama kioo: mwale unaweza kuruka pembeni ukakupata wewe, au mdogo wako aliyechungulia mlangoni.

Kwa hivyo ushauri wangu ni mmoja. Kabla hata ya kununua leza, tengeneza sanduku.

Tumia mbao au bati, si katoni. Ndani paka rangi nyeusi isiyong'aa. Usiweke dirisha, weka kamera ndogo ya kompyuta na utazame kazi kwenye skrini. Ukimaliza, weka tochi ya simu ndani, funga, zima taa za chumba kisha zunguka. Ukiona mwanga popote, ziba.

Kisha mlango. Weka swichi mbili zinazobonyezwa mlango ukifungwa, na upitishe waya wa umeme wa leza ndani ya zote mbili, moja baada ya nyingine. Mlango ukifunguka, leza inazima. Waya ukikatika, leza inazima. Usiiachie Arduino kazi hii, kwa sababu programu hukwama.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakijui: Arduino ikiwa inawaka, pini zake kwa muda mfupi hazina amri yoyote, na leza inaweza kujiwasha. Weka rezista ya kiloohmu 10 kati ya waya wa ishara na graundi. Na kwa vile stima hupotea na kurudi bila kubisha hodi, tumia swichi ambayo lazima uiwashe tena kwa mkono. Ongeza kitufe chekundu cha dharura mahali mkono unafika haraka. Swichi na rezista hizi utazipata Luthuli Avenue bila shida.

Miwani je? Nunua ile iliyoandikwa urefu wa mawimbi inaokinga, na 405 iwe ndani yake, kiwango cha OD 4 au zaidi. Miwani ya jua haisaidii kitu. Na hata ukiwa nayo, haichukui nafasi ya sanduku, kwa sababu itakukinga wewe tu, si wale mnaoishi nao.

Usimwage feri kloridi iliyotumika kwenye sinki au mtaro, ina shaba ndani. Iweke kwenye chupa ya plastiki yenye lebo, mbali na watoto.

Wikendi hii usiende kutafuta leza. Tafuta mbao, bawaba mbili na rangi nyeusi. Sanduku likipita mtihani wa tochi, hapo sasa anza kuhesabu pesa za leza.