Fahamu: Kichocho, mjamzito na nguruwe wa maabara

Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake kisiwani Pemba, ipo maabara ya afya ya jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea kutoka Italia. Ilifunguliwa mwaka 2000. Kazi yake kubwa moja ni kichocho, ugonjwa unaoletwa na minyoo: mkojo wa mtoto wa skuli huchujwa, kisha chini ya hadubini hutafutwa yai lenye mwiba mdogo mkiani.

Lakini je, minyoo hiyo humfikia mtoto aliye tumboni? Mjamzito huwezi kumwambukiza makusudi ili uone. Hapo ndipo wanyama huingia. Watafiti wa Denmark waliwaambukiza nguruwe wenye mimba kichocho cha Asia, na baadhi ya vitoto vikazaliwa nacho. Ajabu ni kwamba katika kondo la nguruwe, ukuta kati ya damu ya mama na ya mtoto ni mnene kuliko wa binadamu. Kondo la panya linafanana zaidi na letu, kwani damu ya mama huligusa moja kwa moja.

Hata hivyo mnyama si mtu, na kichocho cha Asia si hiki cha Pemba. Jibu la nguruwe ni fununu, si hukumu.

Kuhusu dawa, mambo yako wazi zaidi. Kwa miaka mingi wajawazito walinyimwa prazikwanteli, dawa ya kichocho, kwa hofu tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unaruhusu wapewe baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Ukienda kliniki, uliza.