Mvinyo wa Bei ya Chini: Unanunua Nini Hasa?

Kila inapokaribia misimu ya harusi na sikukuu za mwisho wa mwaka, walaji huuliza kama mvinyo wa bei ya chini kabisa unafaa kunywewa, au ni hasara iliyotiwa ndani ya chupa. Jibu ni kwamba bei ya chini peke yake si kasoro. Upo mvinyo wa bei nafuu ulio halali, safi na unaonyweka vizuri. Mashaka huanza pale bei inaposhuka chini ya gharama ambazo mtengenezaji mwaminifu hawezi kuzikwepa. Hapo mlaji hana budi kujiuliza ni kitu gani kimeondolewa ili bei hiyo iwezekane: ni kodi, au ni zabibu zenyewe?

Tuanze na zabibu. Chupa ya kawaida ya mililita 750 huhitaji zabibu takriban kilo moja au zaidi kidogo. Kwa kiwanda kinachonunua kwa tani, kilo hiyo haigharimu kama zile zinazouzwa kandokando ya barabara, lakini haipatikani bure. Inafuata kazi ya kukamua, kuchachua, kutuliza kwenye matangi na kuchuja. Kisha chupa, kizibo, lebo, katoni na usafiri. Mwisho huja ushuru wa bidhaa, kodi ya ongezeko la thamani, na faida ya wauzaji wa jumla na rejareja. Ukiacha zabibu na uangalizi wa kiwandani, sehemu kubwa ya gharama hizi haitofautiani sana kati ya mvinyo duni na mvinyo bora, kwa sababu chupa ni chupa na lori ni lori. Ushuru wa bidhaa nao hutozwa kwa lita wala si kwa asilimia ya bei, hivyo huulemea zaidi mvinyo wa bei ya chini.

Matokeo yake ni hesabu ambayo walaji wengi hawaijui. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba chupa, usafiri, ushuru na faida hufikia shilingi 8,000. Katika chupa ya shilingi 10,000, mvinyo wenyewe ni wa shilingi 2,000. Katika chupa ya shilingi 14,000, mvinyo ni wa shilingi 6,000. Bei imepanda kwa chini ya nusu, ilhali kilichomo kimeongezeka thamani mara tatu. Hesabu hii imerahisishwa, kwa kuwa faida na kodi ya ongezeko la thamani hupanda pamoja na bei, lakini mwelekeo wake ni sahihi: mwenye kuongeza kidogo juu ya bei ya chini kabisa ndiye anayepata nafuu kubwa kuliko wote. Kwa mfano huohuo, mtu akikuuzia chupa kwa shilingi 6,000, hesabu hailingani hata kabla ya kukumbuka zabibu.

Zipo hata hivyo sababu halali za bei kuwa chini, na ni vema kuzijua ili tusiwadhulumu watengenezaji waaminifu. Ushuru wa bidhaa Tanzania ni mdogo zaidi kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa nchini. Zabibu za Dodoma, nyingi zikiwa za aina ya Makutupora nyekundu na Chenin Blanc nyeupe, huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo lisilowezekana katika nchi zenye majira ya baridi kali. Wapo wakulima wanaokamua wenyewe na kuviuzia viwanda kile wanachokiita mchuzi wa zabibu. Viwanda visiponunua, mchuzi hubaki matangini na bei yake kuanguka. Chupa ya Dodoma yenye bei nafuu inaweza basi kuwa dalili ya wingi wa zabibu na unafuu wa ushuru. (Kama unafuu huo unamfikia mkulima ni swali jingine, na ni swali zito.) Vivyo hivyo mvinyo wa boksi: mfuko wa plastiki ndani ya karatasi ngumu hugharimu kidogo kuliko kioo na ni mwepesi kusafirisha. Mfuko huo hujikunja kadiri mvinyo unavyotoka, hewa isiingie, na kilichobaki hukaa wiki kadhaa bila kuharibika. Chupa iliyofunguliwa, hata ikiwa ndani ya jokofu, hudumu siku chache tu.

Na ladha je? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2008, uliotumia maonjo zaidi ya 6,000 yaliyofanyika Marekani bila waonjaji kujua bei, ulibaini kuwa watu wasio na mafunzo ya mvinyo hawakuupendelea ule wa ghali. Kwa wastani waliufurahia kidogo zaidi ule wa bei ndogo. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo uliwapa watu mvinyo uleule kwa bei mbili tofauti, nao wakasema ule uliotajwa kuwa ghali ndio mtamu zaidi. Ulimi, basi, husikiliza bei. Mwenye nyumba anayewakaribisha wageni kwa mvinyo wa bei nafuu uliopozwa vizuri hana sababu ya kuona haya.

Lisilovumilika ni kuuziwa kitu kisicho mvinyo. Soma orodha ya viambato. Mvinyo wa zabibu hutokana na maji ya zabibu yaliyochachuliwa. Ukikuta maji, sukari, spiriti, rangi na ladha, hicho ni kinywaji kingine kilichovishwa lebo yenye picha ya zabibu. Kinaweza kuwa halali kikiandikwa kwa jina lake la kweli, lakini hakistahili bei ya mvinyo. Angalia pia kiwango cha kilevi. Mvinyo wa kawaida huwa na kati ya asilimia 11 na 14. Ule ulioongezewa spiriti hukaribia 18 au hata 20, na glasi moja yake haipaswi kuhesabiwa kama glasi ya kawaida.

Hatari kubwa kuliko zote ni methanoli. Mwaka 1986 nchini Italia, watengenezaji kadhaa waliongeza methanoli katika mvinyo wa bei ya chini ili kupandisha kiwango cha kilevi kwa gharama ndogo. Zaidi ya watu 20 walikufa na wengine wakapofuka. Nchini Kenya, Mei 2014, pombe iliyochanganywa na methanoli iliua makumi ya watu. Methanoli haitambuliki kwa rangi, harufu wala ladha, na dalili zake huweza kuchelewa saa 12 hadi 24: kichwa kuuma, tumbo kuuma, kutapika, macho kuona ukungu. Mtu mwenye dalili hizi baada ya kunywa apelekwe hospitali mara moja, hata kama anadhani ni uchovu wa ulevi wa jana. Daktari aelezwe alikunywa nini, na chupa ichukuliwe pamoja naye.

Kabla ya kulipa, kagua stempu ya kielektroniki ya kodi na uihakiki kwa programu ya simu ya Mamlaka ya Mapato, iitwayo Hakiki Stempu. Tazama alama ya ubora ya TBS kwa mvinyo wa ndani, jina na anwani ya mtengenezaji, na namba ya toleo. Kizibo kilichochubuka, lebo iliyobandikwa upogo au juu ya nyingine, na ujazo usiolingana kati ya chupa na chupa ni dalili za chupa kuukuu iliyojazwa upya. Usinunue chupa iliyokaa juani dirishani. Joto huuharibu hata mvinyo mzuri. Wenye kumbi za sherehe wanashauriwa kuharibu lebo za chupa tupu kabla ya kuzitupa, kwani wanaoghushi huzitafuta chupa hizo zikiwa nzima.

Dai risiti ya kielektroniki hata kwa chupa moja. Ukishuku mvinyo ulionunua, usimwage kilichobaki: funga chupa, iweke mbali na watoto, andika jina la duka na tarehe, kisha toa taarifa TBS au Tume ya Ushindani. Lalamiko linaloletwa pamoja na chupa na risiti huweza kufuatiliwa hadi kwa aliyejaza chupa hiyo. Lisilo na chupa wala risiti huishia, mara nyingi, mlangoni pa duka.