Kivumishi "-pevu": Maana, Upatanisho na Matumizi

Unapojibu swali la sifa za wahusika katika Karatasi ya Tatu (102/3), maneno "mwenye bidii" na "mwenye busara" hukujia upesi. "-pevu" haliji upesi hivyo, na watahiniwa wengi wanaolitumia hulikosea. Lielewe vizuri, kwani kuna mahali ambapo hakuna neno jingine linalofaa kama hili.

Maana

Kivumishi hiki kina uhusiano na kitenzi "pevuka" na nomino "upevu". Kitu kipevu ni kile kilichofikia ukomavu wake. Kinyume chake ni "-changa".

Usilichanganye na "-bivu". Nenda soko la Rongo au Oyugis utazame mkungu wa ndizi. Ndizi changa hazijajaa. Ukizikata, hasara ni yako. Ndizi pevu zimejaa ingawa bado ni za kijani. Hukatwa na kuvundikwa. Ndizi mbivu zimeiva na ziko tayari kuliwa. Basi kila ndizi pevu si mbivu. Mkulima wa Awendo naye anajua kuwa muwa mchanga una sukari kidogo na uzito mdogo, ndiyo maana husubiri zaidi ya mwaka mmoja avune miwa mipevu.

Mwezi mpevu ni mwezi uliojaa. Wavuvi wa omena kule Mbita na Muhuru huwavuta samaki hao kwa taa usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wa taa hupoteza nguvu na mavuno hupungua.

Kwa binadamu, "-pevu" huhusu akili zaidi ya umri. Kijana anaweza kuwa mpevu, na mzee akawa na akili changa. Usiandike "mpevu" ukimaanisha "mzee".

Upatanisho

A-WA: kijana mpevu – vijana wapevu
U-I: muwa mpevu – miwa mipevu
LI-YA: embe pevu – maembe mapevu
KI-VI: kiazi kipevu – viazi vipevu
U-YA: uamuzi mpevu – maamuzi mapevu
I-ZI: akili pevu – akili pevu

Kosa la kawaida ni "akili mpevu". Katika ngeli ya I-ZI, mashina yanayoanza kwa "b" hupata "m": mbivu, mbichi, mbaya. Yanayoanza kwa "p" au "ch" hayapati: pevu, pana, changa, chafu. "Mpya" imekuwa tofauti kwa sababu shina lake, "-pya", lina silabi moja tu.

Matumizi katika jibu la fasihi

Kutaja sifa peke yake hakutoshi; ni lazima uithibitishe. Linganisha majibu haya kuhusu Mangwasha katika *Nguu za Jadi*:

(a) Mangwasha ni mpevu kwa sababu ni mtu mzima mwenye watoto.

(b) Mangwasha ana akili pevu. Mumewe, Mrima, anapozama katika ulevi, yeye anaendelea kuitunza familia na kuunga mkono juhudi za Lonare.

Jibu (a) limetaja umri, na umri si sifa ya tabia. Jibu (b) limetaja sifa, likaonyesha hali ngumu, kisha likaeleza mhusika alivyoikabili. Hapo mtahini ana cha kutuza.

Lakini usimpachike kila mhusika mwema sifa hii. Anayejitolea kwa mali yake ni mkarimu. Anayekabili hatari bila kuogopa ni jasiri. "Mpevu" ni yule anayepima mambo kabla ya kutenda, hasa wakati wengine wanasukumwa na hasira au tamaa.

Zoezi

1. Sahihisha: Wazee walitoa uamuzi pevu.
2. Andika kwa wingi: Kiazi kipevu kimechimbwa.
3. Tofautisha: (i) Nimenunua ndizi pevu. (ii) Nimenunua ndizi mbivu.
4. Chagua mhusika mmoja mwenye akili pevu katika *Bembea ya Maisha*. Thibitisha kwa hoja mbili.

Majibu

1. Wazee walitoa uamuzi mpevu.
2. Viazi vipevu vimechimbwa.
3. (i) Ndizi zimekomaa lakini huenda hazijaiva. (ii) Ndizi zimeiva.
4. Kadiria hoja zako kwa kufuata mfano (b).