Mvua ya Shinyanga huenda wapi?

Shinyanga hupata mvua ya milimita 600 hadi 800 kwa mwaka. London, ambako watu huilalamikia mvua kila kukicha, hupata zipatazo 600. Kwa hiyo ukame wa Shinyanga hauelezwi na kiasi cha mvua peke yake. Kipimo chenye maana zaidi ni muda ambao tone hukaa ardhini kabla ya kurudi hewani. Hapa mvua hunyesha kwa miezi michache, na jua lina uwezo wa kufyonza maradufu ya kilichonyesha. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa huvimba na kuziba nyufa zake, maji yakatuama juu yakingoja jua. Ndiyo maana lambo pana lisilo na kina hukauka mapema, ilhali anayefukua mchanga wa mto uliokauka bado hupata maji: mchanga umeyakinga.

Ngitili, malisho yenye miti ambayo Wasukuma huyafunga hadi kiangazi, hufanya kazi hiyohiyo ya kuchelewesha maji. Mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulirejesha zaidi ya hekta 300,000 za ngitili. Wapo wanaopinga wakisema kwamba miti nayo hunywa maji. Ni kweli, na msitu mzito ungeweza kuyamaliza. Lakini utafiti wa Burkina Faso uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kuwa miti ya wastani, iliyoachana, huingiza maji mengi zaidi ardhini kuliko uwanda mtupu. Wengine watasema bomba la Ihelele, linaloleta maji ya Ziwa Victoria, limemaliza hoja. Bomba hilo limewafaa sana wa mjini, ila halinyweshi malisho. Tena mabaki ya maji yake yakifuata mto Manonga huelekea maziwa ya Kitangiri na Eyasi, bonde lisilo na njia ya kutokea baharini. Ziwa Victoria huyapata tena kwa njia ya mawingu tu.

Kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita yanaonekana maji yaliyokwisha kuzama: wachimbaji hulazimika kuyavuta kwa pampu ndipo washuke kwenye maduara, yaani mashimo yao. Huko kuchelewesha maji kuna hatari yake. Zebaki inayochomwa ili kupata dhahabu hupanda kama mvuke, hurudi na mvua, hutulia topeni, na vijidudu huigeuza sumu inayoingia kwenye samaki. Bonde lililo chini ya mwalo wa kuchenjulia dhahabu lisichimbwe lambo, hata kama ndilo linalotunza maji kuliko yote.