Kodi ya geto haina fungu

Mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo hutengewa hadi shilingi 10,000 kwa siku kwa ajili ya chakula na malazi. Awali kiwango hicho kilikuwa shilingi 8,500. Ni deni, na atalilipa akishaanza kazi. Lakini kwa kulitoa, serikali imekiri kwamba anayesoma mbali na kwao lazima apate pa kulala, na pa kulala hugharimu. Binti wa kidato cha pili aliyetoka vijiji vya Bonde la Yaeda akapanga chumba Dongobesh wilayani Mbulu, au aliyetoka upande wa Bassotu akapanga Katesh wilayani Hanang, naye analala kwa kodi. Kwake fungu hilo halipo.

Ninamzungumzia hasa binti aliyekatiza masomo na sasa anataka kurudi. Juni 2017 Rais Magufuli alitamka kwamba mwanafunzi akipata mimba harudi shule ya serikali. Msimamo huo uliondoka tarehe 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alipotangaza ruhusa ya kurejea, ikafuatiwa na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo. Zanzibar walikuwa wamekwisha kuruhusu tangu 2010. Leo aliyejifungua ana njia mbili: kurudi katika shule ya kawaida, au kusoma kwenye vituo vilivyo chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambako kidato cha kwanza na cha pili husomwa kwa mwaka mmoja, mtihani wa maarifa hufanywa, kisha cha tatu na cha nne vikamalizwa kwa mwaka mwingine.

Mzazi atasikia kwamba elimu ni bure, na ni kweli kwa kiasi chake. Tangu Januari 2016 ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka katika sekondari ya kutwa imefutwa, na tangu 2022 kidato cha tano na sita nao wamo. Hata hivyo sare, madaftari, nauli na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vimebaki kwa mzazi. Shule nyingi za kata ni za kutwa, na kata za Hanang na Mbulu ni pana, kaya zimetawanyika, na wafugaji wa Kibarabaig huhama kufuata malisho. Hosteli zikikosekana au zikijaa, mtoto anapangishiwa geto, yaani chumba cha kuishi peke yake. Anapika mwenyewe, anateka maji mwenyewe, anajifungia mlango mwenyewe usiku. Msichana wa miaka 15 anayeishi hivyo huwa mawindo, na baadhi ya wanaorudi shule leo waliacha masomo kwa yaliyowakuta katika vyumba vya namna hiyo. Kumrudisha shule huku tukimwacha geto lile lile ni kumrudisha kwenye hatari ile ile.

Msaada wa serikali unaomkaribia zaidi ni wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), na ndio unaoeleweka vibaya kuliko yote. TASAF haimlipi mwanafunzi wala mpangaji. Inailipa kaya. Kaya hutajwa kwanza katika mkutano wa kijiji au mtaa, kisha dodoso hupima hali yake: nyumba imeezekwa kwa nini, mifugo mingapi, wanaotegemewa wangapi. Ikipita, hupata ruzuku ya msingi na nyongeza zenye masharti. Katika kipindi cha kwanza cha mpango huu wa ruzuku, kilichoishia 2019, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Mtoto wa shule ya msingi aliongezewa 2,000, wa kidato cha kwanza hadi cha nne 4,000, wa cha tano na sita 6,000. Sharti la elimu lilikuwa mahudhurio ya asilimia 80.

Linganisha 4,000 hiyo kwa mwezi na 10,000 kwa siku ya mwanafunzi wa chuo kikuu. Sisemi watoaji ni wachoyo: ruzuku ya kaya ilikusudiwa kusukuma mahudhurio ya mtoto anayelala kwao, haikukusudiwa kodi. Tatizo ni kwamba mtoto wetu halali kwao.

Halafu kuna suala la taarifa za kaya. Binti alipoacha shule, kaya yake iliandikwa haina mwanafunzi huyo. Akirudi, nyongeza yake haijirudishi yenyewe, mpaka taarifa za kaya zihuishwe na shule anayosoma sasa itajwe. Mtoto wake mchanga naye aandikwe, kwa kuwa kliniki ina sharti lake na nyongeza yake. Haya huanzia kwa kamati ya usimamizi ya jamii kijijini. Kaya inayohama itoe taarifa kabla ya kuhama, kwa sababu huko iendako, hasa mjini, majirani wanaotakiwa kuitaja mkutanoni hawaijui.

Mpangaji wa kipato kidogo, kwa upande wake, amekuwa peke yake kwa miaka mingi. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005. Tangu hapo kodi ni mapatano, na mwenye nyumba akitaka ya miezi sita kwa mkupuo, mwenye ruzuku ya kidogo kidogo hana la kujibu. Wakazi wa Katesh wameona kwamba serikali ikiamua kuingia katika suala la makazi inaweza: baada ya tope la Mlima Hanang la tarehe 3 Desemba 2023, lililoua watu zaidi ya 80, nyumba zaidi ya 100 zilijengwa Waret kwa waliopoteza makazi. Lakini hiyo ni tiba ya maafa. Umaskini wa kila mwezi haukusanyi kamera.

Uingereza, ambako mpangaji maskini husaidiwa kodi na serikali, wanafunzi wengi wa muda wote hawaruhusiwi kuomba msaada huo. Mwenye mtoto anayemlea anaruhusiwa. Wametambua kwamba mama anayesoma hawezi kubanana na wenzake kitanda kwa kitanda. Hatuna hazina yao, lakini utofautishaji huo wa haki tunaweza kuuiga kwa kiwango chetu. Nyongeza ya malazi ndani ya ruzuku ya TASAF, kwa mwanafunzi aliyerejea na kuthibitishwa na mkuu wa shule kuwa anapanga, ingetumia orodha zilizopo na mahudhurio yanayokusanywa tayari. Ingelipwa mwanzoni mwa muhula, kwa mkupuo, kwa sababu ndivyo kodi inavyodaiwa.

Kwa sasa, anayerudi Januari aanze Novemba. Amwone mkuu wa shule kuhusu nafasi, kamati ya kijiji kuhusu kuhuisha taarifa, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri (Dongobesh kwa Mbulu vijijini, Mbulu kwa walio mjini, Katesh kwa Hanang) kuhusu mahali salama pa kukaa. Na namba ya kaya ya TASAF aitunze vizuri, kwani akifika chuo kikuu Bodi ya Mikopo itaiuliza.